Ruhusa ya Maji ya Moto

Sauti ilikuwa moja tu: shaba ikigusa marumaru.

Haikuwa sauti ya kitu kilichoanguka. Kitu kikianguka hugonga, hudunda, hugonga tena. Hii ilikuwa ya tasa, bakuli la kuogea, linalowekwa chini taratibu, na mtu aliyemaliza kuoga.

Selcan alifumbua macho. Chumba chao kilikuwa juu ya hamamu, nyumba ya kuogea ya umma, na kwa miaka minne tangu aolewe pale alikwisha kuijua kila sauti ya jengo lile: mabomba yakijinyoosha yanapopoa, mbao za ngazi zikilalamika, mto Yeşilırmak ukisugua kingo zake nje. Tasa hakuwahi kulisikia usiku. Hamamu hufungwa wageni wakishaondoka, na ufunguo ulikuwa pale pale kwenye msumari, juu ya kitanda cha mtoto.

"Yavuz."

"Mm."

"Kuna mtu hamamuni."

"Paka."

"Paka anaoga?"

"Paka wa Amasya ni msafi kuliko mumeo. Lala, mama."

Selcan hakulala. Aliinama juu ya kitanda kidogo. Mtoto alikuwa na siku thelathini na moja, na utepe mwekundu wa uzazi bado ulikuwa kichwani pa mama yake. Alikuwa macho. Halii. Ameukodolea macho ukuta.

Mtoto huyo alikuwa na jina. Shehe Sıtkı alilinong'ona sikioni mwake siku ya tatu mbele ya wazazi na bibi yake, mdomo umegusa ngozi, na tangu siku hiyo hapana aliyelitamka. Walimwita Dengu. Ndivyo alivyotaka Münevver, mama yake Yavuz, mwenye nyumba na mwenye hamamu. Kabla ya Yavuz alizika watoto wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyefika siku ya arobaini.

"Wale niliwaita kwa majina yao siku ya kwanza," aliwahi kumwambia Selcan. "Dirisha wazi, mlango wazi, nimejawa na furaha. Nani hakusikia? Huyu wa tatu nikamficha jina hadi siku ya arobaini, akaogeshwa, ndipo nikamwita. Mtazame sasa, mwili kama mlango."

Asubuhi alipanda Döndü, mwanamke aliyesugua migongo katika hamamu ile kwa miaka ishirini, mwenye mikono minene na ulimi mwepesi.

"Mke wa bosi, kumbe mnaoga usiku na hamuniiti? Niambieni nibaki niwasugue, bei ya jamaa!"

"Nani kaoga?"

"Mimi nitajuaje? Nimelikuta lile tasa la watoto juu ya jiwe la kitovu. Lile dogo, la makumbusho, linalokaa kabatini."

"Kabati si lina kufuli?"

"Kufuli lipo. Limefungwa. Ndiyo nakuuliza wewe."

Münevver akaitwa, wakashuka wote watatu. Chini ya kuba, juu ya lile jiwe pana la katikati ambapo watu hujilaza wakingoja kusuguliwa, tasa lilikaa limejaa maji. Yalikuwa vuguvugu bado. Juu yake ulitanda utando mwembamba mweupe, kama ule wa maziwa yaliyochemshwa. Döndü alitaka kuugusa. Münevver akamshika mkono.

"Acha. Hiyo ni ngozi," alisema.

Sisi watu wa Amasya, wale hatuwataji. Jina lao kwa lugha yetu ya Kituruki lina herufi tatu tu, na mtu mwenye akili zake husema "wale wa herufi tatu", akavuta ncha ya sikio, akagonga ubao, akageuza mazungumzo. Lakini tunajua wanakaa wapi. Wanakaa penye mvuke na penye tundu la maji machafu, penye nywele za watu na giza la unyevu. Ndiyo maana mwanamke wa kwetu hamwagi maji ya moto kwenye tundu kabla ya kusema "Destur!" Ni kuomba ruhusa: pisheni, tunapita. Wao hukusanya watoto wao, husogea kando, nawe unamwaga. Hivyo wameishi na sisi miaka mingi, bila ugomvi, kama majirani wasiosalimiana.

Selcan alisoma historia chuoni. Hamamu ilipokarabatiwa na kuanza kupokea watu wa likizo, ni yeye aliyewatembeza. Aliwaeleza kuba ilijengwa lini, marumaru ilitoka wapi, nani alilipia chemchemi. Wakapiga miayo. Siku moja akawaeleza habari ya Destur, na wote wakaamka. Tangu hapo ikawa ndiyo kilele cha ziara: Selcan ananyanyua tasa tupu juu ya tundu la maji, wageni wanapaza sauti pamoja, "Destur!", anainamisha tasa, hakuna kinachomwagika, wanacheka, wanapiga picha. Makundi sita kwa siku. Saba, likizo zikichangamka. Hakufanya kwa dharau. Aliipenda mila ile, akataka dunia nzima iipende.

Alipojifungua, kazi ilishikwa na Döndü, na mchana huo sauti yake ilipanda kupitia sakafu.

"Haya, wapenzi! Pumzi ndani! Moja, mbili, tatu..."

"Destur!" waliitikia watu ishirini na wanne, kila mmoja kwa lafudhi yake.

Münevver aliweka chini glasi ya chai.

"Mwambie aache."

"Mama, ndicho wanachokuja kukiona."

"Nimesema mwambie aache, binti yangu, kabla sijashuka mwenyewe na sapatu mkononi."

Döndü aliacha. Lakini kitu kilichokuwa kimeanza hakikuacha.

Usiku wa thelathini na tatu ilikuja harufu. Ilitoka kwenye tundu la maji la bafu dogo lililopakana na chumba chao, sabuni ya kijani ya mafuta ya zeituni kwanza, kisha nyuma yake nywele zilizoungua, kisha nyuma ya nywele kitu ambacho Selcan alikijua na hakutaka kukijua, kile anachokisikia kila mama mwenye maziwa akimnusa mtoto utosini. Harufu ya mtoto mchanga. Ila iliyopikwa.

Usiku wa thelathini na nne ilikuja sauti.

"Mehmet."

Ilikuwa ya kike, imekauka, imechoka, sauti ya mtu aliyekesha na mtoto. Ikangoja. Ilingoja kwa muda ule ambao mtu humpa mwenzake ili aitike.

"Hasan."

Ikangoja.

"Kerem."

Yavuz aliketi kitandani. Safari hii hakusema paka.

"Anamwita nani?" alinong'ona.

"Hajui," Selcan akamjibu, kwa sauti ndogo kuliko yake. "Ndiyo maana anayataja yote."

Asubuhi Yavuz aliziba tundu kwa matambara, akapiga saruji juu. Usiku sauti ilitoka kwenye bomba la sinki, nzito kidogo, kama ya mtu mwenye mafua. Siku ya thelathini na sita walimfunga Dengu blanketi mbili, wakaendesha gari hadi Merzifon kwa dada yake Yavuz, wakalala ghorofa ya tano katika jengo jipya ambalo hata rangi yake ilikuwa bado inanuka, na saa nane za usiku, katika jiko la watu wasiojua lolote, sauti ilianzia pale pale ilipoishia jana, jina lililofuata baada ya jina la mwisho, ikangoja, ikaendelea, bila hasira, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele na anajua kwamba mawe yataisha. Alfajiri walirudi nyumbani. Hapakuwa na maana ya kumtisha mtoto wa wifi pia.

Usiku wa thelathini na nane ilifika kwenye majina ya mitume. Selcan alimkumbatia mwanawe, kiganja kimefunika sikio moja, shavu limeziba la pili, na alihesabu pumzi zake huku Yavuz ameegemeza mgongo kwenye mlango wa bafu kana kwamba sauti ingetoka kwa miguu.

"Davut," ilisema. Ikangoja.

"Yakup." Ikangoja.

"Yusuf."

Dengu akageuza kichwa. Hakuitika, aligeuka tu, taratibu, kama mtu aliyesikia likitajwa jina la ndugu yake. Na kule kwenye bomba, kwa mara ya kwanza, ile sauti ilivuta pumzi.

Kulipopambazuka Selcan alimwendea mama mkwe wake jikoni, akapiga magoti kwenye vigae.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Jioni ile kabla sijashikwa na uchungu. Makundi yalikuwa manane siku hiyo, nimesema Destur hadi koo limekauka. Wageni walipoondoka nikabaki kusafisha kile chumba cha pembeni. Nikachukua ndoo ya maji yaliyochemka. Nikasema, Mama. Wallahi nilisema! Nikamwaga kwenye tundu. Nikasikia kitu kama mtoto wa paka. Mara moja tu. Nikajiambia ni bomba."

Münevver hakumpiga, hakumfokea, na Selcan alitamani angefanya mojawapo.

"Nyanyuka," alisema. "Sakafu ina baridi, utaharibu maziwa."

Shehe Sıtkı aliitwa. Alikuwa mzee mfupi mwenye duka la saa, si mtu wa hirizi wala wa makelele, na watu walimwendea kwa sababu hakuwahi kudai anaweza zaidi ya anachoweza. Alishuka hamamuni peke yake mchana kweupe, akakaa kando ya lile tundu la chumba cha pembeni, na wao wakiwa ngazini waliisikia sauti yake ikisoma, ikikatika kusikiliza, ikisoma tena. Alipopanda, kiganja chake cha kulia kilikuwa na malengelenge.

"Shehe, umeungua!" alisema Yavuz.

"Nilimnyooshea mkono wa salamu. Kaupokea." Alikaa. Aliomba maji, na walipomletea aliyanusa kwanza. "Ni mama. Alikuwa na mtoto. Sasa hana."

Yavuz alikifunga kiganja kile kwa kitambaa, Shehe akaendelea.

"Nimemwambia, mwanamke huyu aliomba ruhusa kabla ya kumwaga. Akaniuliza, ipi? Akasema, nane za siku ile zilikuwa za mzaha, tukabeba watoto tukakimbia mara nane, bure, tukirudi tunawakuta mnacheka. Ya tisa mtoto alikuwa amelala. Mimi mama yake nikasema sitamwamsha kwa ajili ya kuchekwa." Shehe alifuta midevu yake. "Hapo mimi ningesema nini?"

"Anataka nini?" Selcan aliuliza. "Jogoo? Kondoo? Nitachinja hata ng'ombe."

"Hataki chakula, binti. Anataka wa kumnyonyesha. Ila hawezi kumchukua mtoto asiyemjua jina, huyo hapiti mlangoni kwao. Kesho Dengu anatimiza arobaini. Nendeni mkamwogeshe pale pale ulipomwaga, ukaombe radhi kwa mdomo wako. Matasa arobaini. La arobaini likishapita juu ya kichwa chake, mwiteni jina lake hata juu ya mnara, hatakuwa wa kuchukuliwa tena."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo, asiitwe. Likitokea lolote, lolote nawaambieni, asiitwe."

Walishuka asubuhi ya siku iliyofuata, saa tano, jua limejaa kwenye vioo vya kuba. Wageni walirudishwa mlangoni. Döndü aliwasha moto, akaosha chumba cha pembeni kwa chumvi, akataka kubaki.

"Toka, Döndü," alisema Münevver. "Wewe ulimi wako hauna breki."

"Nitauuma."

"Utauma, kisha utasema aaa. Toka."

Döndü alijaribu kucheka akashindwa. Akambusu Dengu unyayoni, akaenda kukaa ukumbini na Yavuz. Shehe alikaa nje ya mlango wa ndani, kwa kuwa ni hamamu ya wanawake, mgongo kwenye ubao, na kisomo chake kiliwafikia kama nyuki walio kwenye mzinga wa mbali.

Selcan aliketi kwenye jiwe, mtoto magotini. Aliinamia lile tundu.

"Mwenzangu," alisema, "sikujua. Nilisema, na sikujua kwamba neno langu nimelimaliza nguvu mwenyewe. Nisamehe. Mimi pia ni mama."

Münevver alianza. Alichota kwenye beseni la ukutani kwa tasa lenye vijiwe arobaini ndani yake, akamimina utosini, akahesabu kwa sauti. Moja, kwa jina la Mungu. Mbili. Tatu. Dengu alipepesa macho, akatoa ulimi kuonja maji. Kumi. Kumi na moja. Alikuwa akifurahi, miguu yake minene ilipiga tumbo la mama yake. Ishirini. Selcan alianza kupumua. Thelathini, na kisomo cha nje kilikuwa bado kinavuma, na miale kutoka kwenye vioo vya kuba ndogo ya chumba kile ilisimama wima ndani ya mvuke kama nguzo nyeupe. Thelathini na tano, na mvuke ukawa mzito zaidi. Thelathini na saba, na Selcan hakuona tena uso wa mama mkwe wake, aliona mkono tu na tasa, mkono na tasa, na alitaka kuuliza kama Döndü ameongeza kuni, lakini aliogopa kuvuruga hesabu. Thelathini na nane. Thelathini na tisa, na mkono ukarudi ndani ya weupe kwenda kuchota la mwisho, na maji yalisikika yakiingia ndani ya shaba, na kisomo cha nje, hakuweza baadaye kujua ni lini hasa, hakikusikika tena.

"Mikono imekufa ganzi," ilisema sauti ya Münevver pembeni mwake, kwa upole. "Nipe nimshike, uinue kichwa chako kidogo."

Ilikuwa kweli. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Akampa.

Kisha mvuke ukapasuka mbele yake na Münevver akatokea, tasa limejaa katika mikono yote miwili.

"La arobaini. Mfunue utosi."

Selcan alimtazama.

"Mama," alisema, "si nimekupa?"

Tasa halikuanguka. Münevver aliliweka chini taratibu sana, kana kwamba utulivu ungeweza kurudisha kitu, na wote wawili walipapasa jiwe, sakafu, beseni, pembe zote nne za chumba kile kidogo kisicho na dirisha wala mlango wa pili, wakapapasana wenyewe, na kilichokuwemo ni maji, mvuke na wao. Münevver aliuparamia mlango. "Shehe! Yavuz!" Ubao ulivimba kwa unyevu, haukusogea; upande wa pili watu walikuwa wakipiga mabega, na mapigo yao yalisikika kama ya watu wanaopiga mlango wa nyumba nyingine, mtaa mwingine.

Ndipo Dengu akalia. Alilia chini yao.

Selcan alijitupa kifudifudi, shavu kwenye tundu. Kilio kilikuwa karibu, mkono ungeweza kukifikia, na aliingiza mkono hadi kiwiko, hadi ngozi ikachunika, na vidole vyake vilishika joto tu.

"Usimwite!" Münevver alimlalia mgongoni, kiganja kikamziba mdomo. "Yuko kati, umesikia? Bila jina hapiti. Adhana ya adhuhuri i karibu, Shehe ataingia, tutammwagia la mwisho, tutammwagia humo humo tunduni. Mwanangu, nakuomba. Nimezika wawili. Nyamaza. Muda mfupi tu nyamaza."

Selcan alinyamaza. Aliuma kiganja cha mama mkwe wake, na Münevver hakukiondoa. Mtoto alilia kile kilio cha njaa, kisha kile cha baridi, kisha kile ambacho Selcan hakuwahi kukisikia, kikavu, chenye kukatika katikati, cha mtoto anayelia hadi anasahau kuvuta pumzi, na maziwa yalimtoka yenyewe, yakatiririka kwenye marumaru, yakaingia kwenye tundu, na kila kilio kilipokatika alingoja kianze tena na kila mara kilichelewa zaidi, na adhana haikuja, na mlango haukufunguka, na mikono ya mwanamke mzee juu ya mdomo wake ilianza kulegea kwa sababu mwenye mikono alikuwa akilia.

Kisha, kutoka chini, karibu na sikio lake, ile sauti iliyokesha ikazungumza naye. Haikuwa na uadui. Ilikuwa imechoka tu, na chini yake Dengu alikuwa akikwama pumzi, akikwama.

"Hanyamazi, mwenzangu," ilisema. "Nimembembeleza, nimempa ziwa, hataki. Atajiua kwa kulia. Niambie, nimwiteje anyamaze?"

Na Selcan, ambaye mkono wa kumzuia ulikuwa umeshateleza, akafunua mdomo, akasema polepole, kama anavyosema mama kwenye kitanda cha mwanawe, lile jina la siku ya tatu:

"Bünyamin."